Sebule ya Mama na Wakwe wa Majita

Makochi ya mama yalifika nyumbani kwa mikokoteni miwili, yakipandishwa mlima wetu wa Butimba na vijana waliokuwa wakipumzika kila baada ya hatua chache. Mama alitembea nyuma yao, mkono mmoja ukiwa hewani, tayari kudaka kochi lolote litakaloteleza, kana kwamba angeliweza. Yalikuwa ya rangi ya damu ya mzee, makubwa, mikono yake imevimba, na yote yamevishwa nailoni ngumu iliyokuwa inameta juani. Majirani walisimama kwenye milango yao. Mama aliwasalimia mmoja mmoja, hata wale ambao hakuwa amewasalimia tangu Pasaka.

Makochi hayakupita mlangoni. Yakajaribiwa kwa ubavu, kwa kichwa, kwa miguu juu. Baba, aliyekuwa karani bandarini na ambaye alipenda kila kitu kifanyike polepole, alisimama barazani akiwa na kikombe chake cha chai na kusema, "Mama watoto, ungeniambia mapema tungeyaweka makochi kwanza, halafu tukajenga nyumba kuyazunguka."

Mama alimwita seremala, fremu ya mlango ikang'olewa, makochi yakaingia, fremu ikarudishwa. Hiyo ina maana kwamba kutoka siku ile makochi yale yalikuwa ndani kwa hiari yake mama tu, na hakuna ambaye angeweza kuyatoa bila kubomoa.

Ili kumwelewa mama inabidi kukumbuka alikotoka. Alikuwa ameolewa katika miaka ambayo duka lilikuwa na rafu, na rafu zilikuwa na vumbi. Alipanga foleni kwa ajili ya sabuni, na akifika mbele akaambiwa sabuni imekwisha ila kuna jembe, naye akanunua jembe. Yakaja baadaye mambo ya ruksa. Mipaka ikafunguka, marobota ya mitumba yakaanza kushushwa kwenye soko la Mlango Mmoja, na mama, ambaye hakuwahi kufanya biashara yoyote, akaanza kuuza mapazia yaliyokuwa yametumika Ulaya. Alikuwa na jicho. Aliweza kuchomoa pazia moja zuri katikati ya lundo la mashuka yaliyochanika. Na kila pazia alilouza lilimfanya aone sebule ya mtu mwingine akilini, akairembesha, akairudisha kwetu. Kwa hiyo vitu vilipopatikana, mama alinunua vitu.

Baada ya makochi likaja kapeti, lenye picha ya tausi. Likaja kabati la vioo, na ndani yake vikombe ambavyo havikuwahi kuonja chai. Yakaja maua ya plastiki, ambayo mimi ndiye niliyeyaogesha kila Jumamosi. Yakaja mapazia mazito ya rangi ya dhahabu, yaliyofungwa mchana kutwa kwa sababu, kwa maelezo yake, jua linachubua makochi. Ziwa, ambalo zamani tulikuwa tukiliona vipande vipande katikati ya mawe kupitia dirisha lile, tukawa tunaambiwa habari zake na watu waliotoka nje.

Na vikaja vitambaa. Mama alivifuma mwenyewe, vyeupe, vya duara na vya pembe, akaviweka kwenye migongo ya makochi, kwenye mikono ya makochi, juu ya redio, juu ya stuli, na kimoja kidogo juu ya kopo la dawa ya mbu. Baba alisema kwamba anaogopa kusinzia, asije akaamka amefunikwa.

Nailoni haikutolewa. "Vumbi," alisema mama, na neno hilo lilitosha. Sisi watoto tulikuwa tukipita mlango wa jikoni. Baba alihamia barazani na kiti chake cha kamba, na rafiki zake wakamfuata huko, kwa hiyo jioni baraza lilijaa watu wanaocheka, na nyuma yao, ndani, kulikuwa na chumba kizuri kuliko vyote mtaani ambamo hamkuwa na mtu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu, na kazi yangu kubwa duniani ilikuwa kupaka sakafu dawa nyekundu ya kung'arisha. Dada yangu alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Huko ndiko alikokutana na fundi wa injini za boti, kijana mpole kutoka Majita, mwambao wa ziwa huko Mara, ambaye alikuwa ananuka petroli hata akitoka kanisani. Baba yake alikuwa amefariki zamani, akalelewa na baba yake mkubwa, mvuvi mzee. Siku dada alipotangaza kwamba wazee wa upande wa kijana wanataka kuja kubisha hodi, mama aliweka chini ufumaji wake na kutazama sebule yake kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Nadhani ndipo alipojua alikuwa akimwandalia nani.

Walikuja watatu, Jumapili mchana: baba mkubwa mwenyewe, shangazi wa kijana aliyekuwa anaishi Kiseke, na mshenga, mzee wa kanisa mrefu aliyevaa suti ya Kaunda ya kijivu. Ilikuwa kiangazi. Nyumba yetu imeegemea jiwe kubwa, kama nyumba nyingi za Mwanza, na jiwe likishakunywa jua tangu asubuhi, mchana linaanza kulitema ndani. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Nailoni ilikuwa imepata moto.

"Karibuni, karibuni, jisikieni mko nyumbani," mama alisema.

Walivua viatu nje bila kuambiwa. Baba mkubwa alisimama ukingoni mwa kapeti akimtazama tausi, akitafuta mahali pa kukanyaga ambapo si jicho wala mkia. Mwishowe alizunguka kwa kuufuata ukuta. Alipoketi, nailoni ililia chini yake, akashtuka, akasema samahani. Shangazi, mama mnene mwenye heshima zake, aliketi akateleza mbele polepole, akajivuta nyuma, akateleza tena. Tulimwona akikanyaga breki kwa visigino.

Makochi yalikuwa yamesukumwa hadi kwenye kuta ili kapeti lionekane. Kwa hiyo baba alikuwa upande mmoja na mgeni wake upande wa pili, wakisemezana kwa sauti ya juu, kama watu wa mitumbwi miwili.

"Habari za huko Majita?" aliita baba.

"Nzuri!" aliitikia baba mkubwa. "Mvua tu!"

"Mvua imefanya nini?"

"Haipo!"

Na mama hakukaa. Hilo nilikuja kulifikiria baadaye. Alikuwa anazunguka. Baba mkubwa aliegemea, kitambaa kikasogea, mama akapita nyuma yake akakinyoosha. Tangu hapo mzee hakuegemea tena, alikaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilileta soda na sambusa. Tone moja la soda lilimponyoka mshenga, na kabla halijafika kwenye kapeti vizuri mama alishapiga magoti na kitambaa cha maji. Mshenga akasema samahani. Shangazi akasema samahani kwa niaba ya mshenga. Baba mkubwa, ambaye hakuwa amefanya kitu, akasema samahani pia, na akarudisha sambusa yake kwenye sahani bila kuiuma, nadhani kwa kuogopa makombo.

Mshenga alisimama kutoa maneno ya kufungua. Alikuwa amejiandaa, alisema wamepita njia wakaona ua zuri, lakini jasho lilikuwa linamtiririka, na alipofika kwenye ua akamtazama mama, ambaye alikuwa akiyapanga upya yale ya plastiki, akapoteza njia. Akasema wameiona nyumba, wamefurahi, na watarudi siku nyingine kwa mazungumzo marefu zaidi. Soda zilikuwa bado nusu. Wakaaga.

Sisi tulisimama mlangoni kuwasindikiza kwa macho. Ndipo tulipoona kwamba mshenga alikuwa ameondoka na kitambaa. Kile cha duara, kikubwa, kilichomchukua mama muda mrefu kuliko vyote. Kilikuwa kimenasa kwenye kifungo cha bega la suti yake, kikamning'inia mgongoni, cheupe pe. Akashuka nacho mlima mzima, akisalimia watu kwa heshima, na watu wakimpisha njia wakidhani labda amepata cheo kipya kanisani.

"Mkimbilie," mama aliniambia.

"Nimwambie nini?"

Mama alifikiri. Mshenga alikata kona. "Basi," alisema mama. "Mwache."

Kitambaa kilirudi siku kadhaa baadaye, kimefuliwa na kupigwa pasi. Mshenga alikileta mwenyewe, akakikabidhi kwa mikono miwili, kisha akakataa kuingia ndani. Alikaa barazani na baba. Mama akatoka, akasimama mlangoni, na mimi nikasimama nyuma ya mama.

"Wazee hawana neno lolote juu ya binti," mshenga alisema. "Binti wamempenda. Na ninyi wamewapenda."

"Ila?" mama aliuliza.

"Hakuna ila. Mzee ameuliza tu kama mara ya pili tunaweza kukaa hapa nje."

"Nje? Mgeni wa posa akae nje?"

Mshenga alimtazama baba, baba akatazama ziwa. "Mama, mimi ni mjumbe tu," mshenga akasema. "Mzee amesema alijisikia kama amekaribishwa dukani. Alikuwa na hofu ya kuvunja kitu akaambiwa akinunue."

Baba alinyanyuka, akasema anakwenda kuangalia kuku, akazunguka nyuma ya nyumba. Hatukuwa na kuku. Tulimsikia huko akikohoa, kikohozi kirefu cha mtu anayeficha kicheko na kushindwa.

Mama alikasirika kwa utaratibu. Hakumgombeza mtu. Alifanya alichokuwa akijua kukifanya: alikwenda mjini na akarudi na vitu. Alileta saa ya ukutani yenye umbo la jua. Alileta picha ya maporomoko ya maji ambayo ukiichomeka kwenye umeme maji yanaonekana yakienda. Alileta zulia dogo la mlangoni lililoandikwa KARIBU, na kutuambia tusilikanyage.

"Kama waliona duka," alituambia mimi na dada, "ni kwa kuwa ukuta ulikuwa mtupu. Sebule yenye ukuta mtupu haina upendo."

Baba alipotoka kazini alisimama mlangoni, akatazama maporomoko yakiporomoka, akatazama jua lenye mishale. "Hapo mwanzo lilikuwa duka," alisema. "Sasa umefungua tawi."

Usiku ule dada hakula. Mama alidhani ni homa. Asubuhi, wakati wa kuchambua mchele, dada alisema taratibu bila kuinua macho, "Mama, nenda Kiseke kwa shangazi. Mpelekee hata pazia. Mkae tu, muongee."

"Nikaongee nini na mtu aliyeniona nina duka?"

"Siyo yeye aliyesema. Ni mzee."

Mama alichambua mchele mpaka mawe yakaisha, na bado akaendelea kuchambua. Mwisho wa juma akavaa kitenge chake kizuri, akachagua pazia la kijani lenye majani, akaniambia nivae viatu.

Kiseke ya siku zile ilikuwa mashamba na nyumba chache. Tulishuka kwenye gari barabarani tukatembea katikati ya mihogo. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu, na mlango wake ulikuwa wazi, umezuiwa na jiwe usijifunge. Tulipiga hodi.

"Piteni, mkwe wangu, piteni," shangazi aliitikia kutoka ndani, ingawa ukwe ulikuwa bado haujakamilika. "Kuna kuku kwenye kiti, msukume ukae."

Mama alimtazama kuku. Kuku akamtazama mama. Nikamsukuma mimi. Viti vilikuwa vya aina mbalimbali, kila kimoja kimetoka ukoo wake: cha kamba, cha shule, kimoja cha chuma, na benchi lenye godoro jembamba. Vilikuwa vimejibana katikati ya chumba kuzunguka meza ndogo, hivi kwamba mama alipokaa, goti lake liligusa goti la shangazi. Juu ya meza kulikuwa na ungo wa karanga. Shangazi alitushukuru kwa pazia, akalibusu, akaliweka begani kwake kama kanga, likakaa huko siku nzima. Halafu, badala ya kukimbilia jikoni, akasukuma ungo ukawa katikati yao.

"Nisaidie mkwe, tumenye huku tunaongea. Mikono ikikaa bure mdomo nao unalala."

Sikuwahi kuona mgeni akipewa kazi. Nilimtazama mama nikisubiri anune. Alikunja mikono ya blauzi, akachukua karanga.

Sikumbuki yote waliyoongea. Waliongea kuhusu miguu inayouma, kuhusu bei, kuhusu mchungaji fulani anayehubiri muda mrefu. Shangazi alileta matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati, akaketi tena palepale. Jirani aliingia, akasalimia, akajipenyeza kwenye benchi pembeni yangu, akachukua karanga. Mama alicheka kitu alichosema jirani mpaka akashika mbavu. Baadaye kidogo nilitazama chini nikaona amevua viatu, na mguu mmoja ameuweka juu ya ubao wa kiti cha shangazi.

Tulipotoka jua lilikuwa limelala juu ya mihogo. Mama alitembea mbele, haraka, na nikajua ana neno.

"Umeziona zile kuta?" alisema.

"Ndiyo mama."

"Hazijapakwa hata chokaa. Na kiti nilichokalia kina mguu mfupi, muda wote nilikuwa napepesuka."

"Ndiyo mama."

"Hana kitambaa hata kimoja. Hana hata cha kufunikia redio."

"Hana."

Tukapita mashamba mawili matatu. "Tumekaa muda gani?" aliuliza.

"Tangu saa sita."

"Mwongo."

Nilimwonyesha jua. Alilitazama kwa mashaka, kana kwamba lilikuwa limetanguliza mambo. Tulipofika barabarani, tukisubiri gari, alisema tena, safari hii kwa sauti ya chini, "Yule mama hakusimama."

"Alisimama kuchukua chai."

"Nimesema hakusimama," alisema mama, na nikaelewa kwamba hatuongelei chai.

Siku zilizofuata aliendelea na biashara yake, alirudi jioni, alipita jikoni kama sisi. Halafu asubuhi moja niliamshwa na sauti ya kuchanika. Nilikimbia sebuleni nikamkuta mama amepiga magoti mbele ya kochi kubwa, ana mkasi, anaichana nailoni kuanzia chini kwenda juu. Aliichana kwa uso wa mtu anayeng'oa jino la mwanaye. Chini yake kulikuwa na kitambaa chenye manyoya mafupi, laini, ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukigusa tangu kilipoingia kwa mlango uliong'olewa. Alipitisha kiganja. Halafu akageuka, akakaa.

Alikaa kwanza ukingoni, kama wageni. Kisha akarudi nyuma mpaka mwisho.

"Kumbe linabonyea," alisema.

Tulifanya kazi mpaka mchana. Baba alipokuja kula alisimama mlangoni, miguu yake nje ya lile zulia la KARIBU.

"Naruhusiwa kuingia?"

"Ingia kabla sijabadili mawazo," mama alimjibu. "Na shika upande ule tusogeze."

Makochi yalivutwa kutoka kwenye kuta. Tausi alipotea nusu, na mama aliguna kidogo, lakini aliendelea kuvuta. Baba ndiye aliyepima: aliketi kwenye kochi moja, akanyoosha mguu, akasema tusogeze la pili mpaka amguse mtu atakayekaa humo. "Kwa hapo," alisema, "mtu anaweza kuongea bila kupiga kelele na kusengenya bila kusikika." Mapazia yalifungwa pembeni kwa kamba. Madirisha yakafunguliwa, na upepo wa ziwa ukaingia ndani kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ukatembea juu ya vitu vyote kama mkaguzi. Maua ya plastiki yalihamia chumbani kwa wazazi. Maporomoko ya maji baba aliomba yabaki, alikuwa ameshayazoea.

Vitambaa vilikuwa na kesi yake. Dada alisema vitoke vyote. Mama alisema angalau vya migongoni. Walibishana mpaka wakakubaliana vibaki vya kwenye stuli na redio, na kile cha mshenga. "Hicho kimetembea," alisema mama. "Kimeona dunia, hakiwezi kufungiwa kabatini."

Wageni walirudi mvua zilipokuwa zimeanza. Walikuja walewale watatu. Baba mkubwa alikuwa na samaki aina ya sato aliyekaushwa kwa moshi, amefungwa kwenye gazeti lililolowa mafuta, na alipofika mlangoni aliinama kuvua viatu, vilivyokuwa na tope la kutosha kupanda mchicha.

"Ingia navyo, baba," mama alisema.

Mzee aliinua kichwa kuhakikisha ni mama yuleyule. Akaingia. Nyayo zake zilibaki kwenye kapeti moja baada ya nyingine, na mama alizihesabu kwa macho, nilimwona, lakini midomo yake ilibaki kwenye tabasamu. Kisha mama naye akaketi. Aliketi pembeni ya shangazi, akashika mkono wa kochi kama mtu aliye kwenye boti. Kila kikombe kilipoinama, mwili wake uliinuka kidogo. Shangazi alikuwa amekuja na mfuko wa karanga. Bila kusema lolote alimwaga karanga kwenye mapaja ya mama, na mama akawa hana namna ya kusimama.

Balaa lilitokea baba mkubwa alipokuwa akieleza kitu kwa mikono. Alikuwa anatusimulia jinsi kijana wake, akiwa mdogo, alivyofungua injini ya boti ya jirani akaifunga tena, na kipuri kimoja kikabaki mkononi, lakini injini ikawaka vizuri kuliko mwanzo. Alipofika pale injini inapowaka, alizungusha mkono kuonyesha kamba inavyovutwa, na chai yote ya kikombe ikamwagikia mkono wa kochi.

Kila mtu aligeuka kumtazama mama. Hata mvua nje ilionekana kupungua. Mzee alilitazama doa likienea kwenye damu ya mzee, akafungua mdomo kusema samahani.

"Liache, baba," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemeza kwinini. "Hilo kochi lilikuwa na kiu muda mrefu."

Baba ndiye aliyeanza kucheka, na safari hii hakwenda kuangalia kuku. Akafuata shangazi, karanga zikamruka. Baba mkubwa alicheka mwisho, baada ya kuhakikisha, na alipocheka aliegemea, mgongo wake wote, akanyoosha miguu mpaka viatu vyake vya tope vikagusa viatu vya baba. Mshenga hakupata hata nafasi ya kusema habari za ua. Mambo ya posa yaliongelewa katikati ya mambo mengine, kati ya bei ya nyavu na dawa ya mgongo, na tulipokuja kushtuka yalikuwa yamekwisha, na dada alikuwa ameitwa, ameulizwa kama anawafahamu watu hawa, naye amesema anawafahamu, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa nayo siku zote.

Walikula. Wakanywa chai nyingine. Mvua ilikatika na hakuna aliyeitazama. Shangazi na mshenga waliondoka jioni, lakini baba mkubwa alikuwa na miadi ya macho mjini siku iliyofuata, na alisema Kiseke ni mbali, na kwa dada yake kuna kuku wengi. Akalala kwetu.

Macho yalimtaka arudi tena hospitali, halafu tena. Wakati huo wote alikaa kwenye kochi kubwa, lile lenye doa, ambalo alilichukulia kuwa lake kwa sababu ameliwekea alama. Baada ya chakula cha mchana alilala humo akakoroma mpaka vikombe vya kabatini vikawa vinagongana. Rafiki za baba walihama barazani wakaja kumsikiliza akisimulia habari za ziwa. Watoto wa majirani walikuja kutazama maporomoko. Mama akirudi kutoka sokoni alikuta watu ambao hakuwajua wakimkaribisha kwenye sebule yake mwenyewe na kumsogezea nafasi akae.

Siku moja alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Huyu mzee ataondoka lini?" alininong'oneza.

"Muulize."

"Nitamuulizaje, ni mkwe. Nikimuuliza atasema nimemfukuza, na harusi bado." Alichungulia kwenye ufa wa mlango. Kule sebuleni kicheko kilikuwa kinapanda. "Anasimulia nini?"

"Ile ya kiboko na nyavu."

"Ile ameshaisimulia," mama alisema, lakini alikuwa ameshafungua mlango, na niliona akipenya katikati ya magoti ya watu, akitafuta mahali pa kukaa.

Mzee aliondoka macho yalipopona, juma moja kabla ya matangazo ya ndoa kusomwa kanisani. Mama alimfungashia mapazia mawili kwa ajili ya nyumba yake ya Majita, akamsindikiza mpaka kwenye basi, akamwambia kama watu wote wanavyoambiwa, kwamba karibu tena, hapa ni kwako. Wengi huambiwa hivyo wakashukuru tu. Yeye aliliweka neno moyoni, na mwezi haukuisha kabla hatujasikia hodi, tukafungua mlango tukamkuta amesimama pale na mke wake, na godoro.